Umevumbua Kitu: Utauza Mwenyewe, ao Utakodisha Haki?



Katika miji yetu ya migodi mikono yenye akili haikosi. Tangu mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoacha kazi katika mupango wa kuondoka kwa hiari, mafundi wengi wamefungua atelye ndogo ndani ya parseli zao. Humo watoto wao wamejifunza kukata chuma na kusude. Mara kwa mara mutu mumoja anatengeneza kitu ambacho hakikukuwa mbele: mbabula inayokula makala kidogo, pompi ya kisima, mashini ya kupukusua mahindi. Majirani wanakuja kuangalia. Kisha mwenye atelye kubwa anakuja naye na kusema: “Unipe hiyo akili yako, nitakulipa.” Hapo ulizo linaingia nyumbani: tumupe, ao tutengeneze na kuuza sisi wenyewe?

Wengine wanasema hili si jambo la kanisa. Hapana, ni la kanisa. Chakula cha watoto na feza ya masomo vinatoka humo, na urafiki wa ndugu wengi unavunjika humo.

NJIA NI TATU, SI MBILI

Ukiwa na parseli, unaweza kukaa ndani mwenyewe, unaweza kuweka lokatere, ao unaweza kuiuza kabisa. Uvumbuzi ni vile vile. Kutengeneza na kuuza mwenyewe, huko ni kukaa ndani ya nyumba yako. Kutoa lisansi ni kuweka lokatere: haki inabaki yako, mwengine anatengeneza na kukulipa kwa kila mashini ao kwa kila mwaka. Kuuza haki ni kuuza parseli: unapokea feza mara moja, na kesho hauna neno tena, hata kama mununuzi anatajirika. Kuna watu wanaotia mukono kwenye karatasi wakifikiri wameweka lokatere, kumbe wameuza parseli.

Tena, nani atakulipa kodi kama parseli haina karatasi? Karatasi ya uvumbuzi inaitwa breve. Katika Kongo mambo haya yanafuata sheria ya tarehe 7 Januari 1982, na breve inaombwa kwa Wizara ya Viwanda. Ujue mambo mawili. La kwanza, breve inatolewa kwa kitu kipya. Ukikwisha kukionyesha sokoni mbele ya watu wote, unaweza kuipoteza haki hiyo. La pili, breve haivuki mupaka: ile ya Kongo haimuzuizi mutu wa ngambo ya Kasumbalesa kutengeneza kitu kile kile kwao.

FUNDI ALIYEFUNGA HESABU NDANI YA SANDUKU

Tuangalie watu wa zamani waliopita njia hii. James Watt alikuwa fundi wa vyombo huko Glasgow. Alivumbua namna ya kufanya mashini ya muvuke ile makala kidogo kuliko ile ya zamani, na mwaka 1769 akapata breve. Lakini akili haikutosha, sababu hakuwa na feza. Mwenzake wa kwanza, John Roebuck, alimusaidia na kuchukua sehemu mbili kati ya tatu za haki. Roebuck naye akaanguka katika madeni, na mwaka 1773 sehemu yake ikaenda kwa Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Birmingham. Boulton alijua biashara, Watt alijua mashini. Mwaka 1775 wakafanya ushirika, na Bunge la Uingereza likaongeza muda wa breve mupaka mwaka 1800.

Wanunuzi wao wakubwa walikuwa migodi ya shaba na bati ya Cornwall, iliyojaa maji. Huko makala yalikuwa bei kali. Boulton na Watt hawakutengeneza mashini nzima. Walitoa ramani na vipande vichache vya kazi nyororo, na wenye mugodi walinunua vingine na kuisimamisha. Malipo yalikuwa hivi: hesabu makala ambayo mashini ya zamani ingekula, toa yale yanayoliwa na mashini mupya, na sehemu moja kati ya tatu ya faida hiyo iwe yetu.

Lakini nani atahesabu? Ninyi mulio na ndugu wachimbaji munajua vizuri: mwenye mizani ndiye mwenye bei. Watt alijua pia. Aliweka juu ya mashini chombo kidogo kinachohesabu kila pigo la pompi, ndani ya sanduku lililofungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikaa kwao. Hata hivyo watu wa Cornwall walinungunika, na kisha wengine wakakataa kulipa. Maneno yakaenda mbele ya waamuzi, na ni mwaka 1799 tu ndipo yalipokwisha, Boulton na Watt wakashinda. Na mwaka 1796, wakati breve ilikuwa karibu kwisha, walikuwa wamekwisha kufungua kiwanda chao cha kutengeneza mashini nzima. Unaona? Walianza kwa kukodisha haki, wakapata nguvu, kisha wakatengeneza wenyewe.

MUTU ALIYETAKA KUSHIKA VYOTE

Eli Whitney wa Marekani alipata breve mwaka 1794 kwa mashini ya kutoa mbegu ndani ya pamba. Yeye na mwenzake Phineas Miller hawakutaka kuuza mashini wala kutoa lisansi. Walitaka pamba yote iletwe kwao, na wao wabakize sehemu mbili kati ya tano. Wakulima waliona bei hiyo ni kali sana. Tena mashini yenyewe ilikuwa nyepesi kuiga, na atelye ya Whitney iliungua mwaka 1795, hata hakuweza kuwatosheleza watu. Basi mafundi wa kila pahali wakaiga. Whitney alikimbia kwa waamuzi miaka na miaka, na breve ilikwisha mwaka 1807 akiwa amepata faida kidogo. Ile mashini ilitajirisha wenye mashamba na kuongeza utumwa wa watu weusi kule kusini ya Marekani, neno la huzuni kubwa.

Shida ya Whitney haikukuwa akili. Alitaka kazi kubwa kuliko mikono yake, kwa bei kubwa kuliko uvumilivu wa watu.

PIGA HESABU YA NYUMBANI

Tuseme wewe kijana wa Likasi umetengeneza mashini ya kupukusua mahindi. Vifaa ni dola 60, unauza kwa dola 90, na mikono yako inatosha mashini 4 kwa mwezi. Faida ni dola 120. Lakini mwezi wa ugonjwa, ao wakati chuma kinakosekana, faida ni sifuri.

Mwenye atelye kubwa anatengeneza 30 kwa mwezi na kukupa dola 5 kwa kila moja: dola 150, na wewe unaendelea na kazi nyingine. Ni vizuri. Lakini akikuambia alitengeneza 12 tu, unapata dola 60. Basi tofauti kati ya njia hizi mbili haiko kwanza katika bei. Iko katika ulizo hili: je, ninaweza kuona hesabu yake?

Kwa hiyo, mbele ya kuchagua, ujiulize na bibi yako pia:

1. Niko na nini mukononi? Feza ya vifaa, pahali pa kazi, watu wa kuuza, nguvu ya kungojea? Kama hakuna, tafuta Boulton wako ao toa lisansi.

2. Je, kitu changu ni chepesi kuiga? Kama fundi anaweza kukiiga kwa siku moja, usiweke bei ya kuwachokoza watu. Mafundi watano wenye kulipa kidogo ni bora kuliko hamusini wenye kuiba.

3. Ninamupa haki peke yake, ao pamoja na wengine? Ukimupa peke yake, andika kwamba asipotengeneza hesabu fulani kwa mwaka, haki inarudi kwako. La sivyo anaweza kuifungia ndani ya kabati.

4. Kontra inasema nini? Iandikwe: eneo, muda, bei, siku ya kulipa, na ruhusa ya kuangalia vitabu vyake. Umwonyeshe avoka mbele ya kutia mukono, hata kama mwenzako ni shemasi. Maandiko hayaharibu upendo, yanaulinda.

KUNA NA NJIA YA KUTOA BURE

Mwaka 1812, huko Felling, Uingereza, watu 92 walikufa katika mugodi wa makala kwa sababu ya hewa inayowaka moto. Mwaka 1815 Humphry Davy alitengeneza taa ambayo moto wake umezungushwa na wavu wa chuma. Hakuomba breve. Alitaka wachimbaji wapone.

Si kila mutu anaombwa kufanya hivyo. Davy alikuwa na kazi na heshima, na kisha wenye migodi walimupa zawadi kubwa. Baba mwenye watoto sita hana zambi akiomba malipo ya akili yake. Kutoka sura ya 31 inatuonyesha kwamba ufundi wa Bezaleli ulitoka kwa Mungu. Luka 14:28 inatufundisha kuhesabu gharama mbele ya kujenga. Na Yeremia 22:13 inamuonya yule anayemutumikisha jirani bila kumulipa. Wewe mwenye atelye kubwa, neno hili ni lako.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

Ni nani katika jamaa yetu aliye na akili ya kuvumbua, na nani aliye na akili ya kuuza? Je, tumekwisha kutumia akili ya jirani bila kumulipa? Kama ndiyo, tutamurudishia namna gani juma hili?