Methadoni: Kwa Nini Mgonjwa Asiharakishwe Kuiacha

Kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, wagonjwa hupanga foleni mbele ya dirisha la dawa katika kliniki ya methadoni ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, jijini Dar es Salaam. Kila mmoja hupimiwa dozi yake ya dawa ya maji, huinywa mbele ya mtoa huduma, kisha huenda zake. Kliniki hiyo ilifunguliwa Februari 2011, ikawa ya kwanza ya umma ya aina yake katika nchi za bara zilizo kusini mwa Sahara. Baadaye huduma hiyo ilifika Mwananyamala na Temeke, na hatimaye Zanzibar, Dodoma, Mbeya, Mwanza na Tanga.

Mgonjwa akirudi nyumbani, mara nyingi hukutana na swali lile lile: “Hiyo dawa utaiacha lini, mwanangu?” Swali hilo hutoka kwa mama mwenye upendo, kwa mume aliyechoka, na wakati mwingine hata kwa mhudumu wa afya. Ndani yake mna imani kwamba methadoni ni ulevi mwingine uliochukua nafasi ya ulevi wa kwanza, na kwamba aliyepona ni yule asiyetumia chochote. Imani hiyo inaeleweka, lakini imewagharimu wengine maisha.

Heroini inavyoubadilisha ubongo

Heroini hutengenezwa kutokana na mofini, ambayo hupatikana katika utomvu wa mmea wa afyuni. Ikiingia mwilini hufika upesi katika ubongo na kujishikiza kwenye vipokezi ambavyo kwa kawaida hutumiwa na kemikali za mwili wenyewe, zile zinazotuliza maumivu na kuleta faraja. Tofauti ni kwamba heroini huviamsha vipokezi hivyo kwa nguvu na kwa ghafla kuliko kemikali hizo za asili.

Ubongo hujirekebisha. Vipokezi hupunguza mwitikio wake, na mtumiaji huhitaji kete nyingi zaidi ili kupata hali ile ile. Wakati huo huo, sehemu za ubongo zilizokuwa zikizimwa na heroini hujiongezea nguvu ili mwili uendelee na kazi zake. Siku heroini isipofika, nguvu hiyo hufumka bila kizuizi: jasho, makamasi, miayo, vinyweleo kusimama, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa na kukosa usingizi. Hiyo ndiyo hali ambayo watumiaji huiita arosto. Huanza takriban saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho, hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja.

Hapo ndipo familia nyingi hudhani kazi imekwisha. Kijana amefungiwa chumbani wiki nzima, ameteseka, ametulia, anakula, anacheka. Kumbe kilichokwisha ni arosto. Uraibu wenyewe bado upo. Mabadiliko katika sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu, hamu na maamuzi hudumu kwa miezi, pengine miaka. Kupita karibu na maskani ya zamani, kukutana na rafiki wa siku zile, au kushika tu fedha mkononi, hutosha kuiamsha hamu. Akirudia, hukutana na hatari mpya: mwili umepoteza uzoefu wake. Kiasi ambacho mwezi uliopita kilimwondolea arosto tu, leo chaweza kuisimamisha pumzi yake. Ndiyo maana vifo vya kuzidisha dozi huwapata mara nyingi watu waliotoka karibuni gerezani, au waliomaliza kuondolewa sumu mwilini bila kupewa tiba ya kuendelea.

Kazi ya methadoni

Matumizi ya methadoni kama tiba ya muda mrefu ya uraibu yalianza New York mwaka 1964, kwa utafiti wa daktari Vincent Dole, daktari wa magonjwa ya akili Marie Nyswander na mwenzao Mary Jeanne Kreek. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu.

Methadoni hujishikiza kwenye vipokezi vile vile vya heroini, lakini mwenendo wake ni tofauti kabisa. Ikinywewa, huingia katika damu taratibu, hufikia kilele baada ya saa 2 hadi 4, na nguvu yake hudumu siku nzima au zaidi. Mtumiaji wa heroini hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku. Kila anaposhuka hulazimika kutafuta kete nyingine, na mkono unaoitafuta hauulizi njia. Mgonjwa aliyefikia dozi inayomfaa hapandi wala hashuki. Hana arosto, halewi, anaweza kufanya kazi na kulea watoto. Na kwa kuwa vipokezi vyake tayari vimeshikwa, hata akitumia heroini haoni ladha yake ya zamani.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili. Utegemezi wa mwili ni hali ya mwili kuizoea dawa kiasi kwamba ikikatwa ghafla mwili hulalamika. Uraibu ni kupoteza uwezo wa kujizuia, na kuendelea kutumia ingawa madhara yanaonekana kazini, nyumbani na mwilini. Mgonjwa wa methadoni anao utegemezi wa mwili, kama walivyo nao wagonjwa wa baadhi ya dawa nyingine za muda mrefu. Lakini anayeamka asubuhi, akanywa dozi yake na kwenda kushona viatu au kuuza samaki, ameanza kuurejesha uwezo ambao uraibu ulikuwa umemnyang’anya.

Utafiti unavyoonyesha

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, ulijumuisha matokeo ya zaidi ya watu 122,000 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali. Vifo vya sababu zote vilikuwa takriban 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka wakati wagonjwa wakiwa ndani ya matibabu, na takriban 36 walipokuwa nje. Uchambuzi mwingine katika jarida hilo hilo, wa mwaka 2012, ulionyesha kuwa tiba ya aina hii iliambatana na kupungua kwa maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 54 miongoni mwa wanaojidunga.

Takwimu hizo zinamrudisha msomaji kwenye lile swali la nyumbani. Kinachomlinda mgonjwa ni kubaki katika tiba, na kumharakisha kutoka ni kumsogeza upande wa pili wa hesabu hiyo.

Mambo ya kuangaliwa na mtoa huduma

Wiki za kwanza zinahitaji uangalifu mkubwa. Kwa kuwa methadoni hutoka mwilini polepole, dozi ya leo hukuta mabaki ya jana; kiasi kile kile huwa na nguvu zaidi siku ya nne kuliko siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo, dozi ya kuanzia huwa kati ya miligramu 10 na 30, kisha huongezwa hatua kwa hatua. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120 kwa siku. Dozi ndogo kupita kiasi nayo ina hasara: mgonjwa huendelea kupata arosto, hurudi mtaani, na mwishowe huacha kliniki.

Kosa linalotokea kwa urahisi linahusu kifua kikuu. Rifampisini hulifanya ini liivunje methadoni kwa kasi. Mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa miezi huanza kutoka jasho, kupiga miayo na kulalamika kuwa dozi haimfikishi kesho. Ni rahisi kumshuku kwamba anadanganya au amerudia unga. Kabla ya kumshuku, mtoa huduma aangalie ni dawa gani alizoanzishwa karibuni, kwani huenda anachohitaji ni kuongezewa dozi. Efavirenzi na nevirapini, zinazotumiwa kufubaza VVU, zina tabia hiyo hiyo; dolutegraviri haina tatizo hilo. Matibabu ya rifampisini yakiisha, ini hurudia kasi yake ya kawaida katika muda wa wiki chache, na dozi iliyokuwa imeongezwa yaweza kuwa kubwa mno. Ni lazima ipitiwe upya.

Mgonjwa aliyekosa dozi siku tatu mfululizo au zaidi asipewe dozi yake ya kawaida kabla ya kupimwa upya. Mjamzito asiachishwe methadoni. Arosto ni hatari kwa ujauzito, na mtoto akizaliwa na dalili za kukosa dawa, dalili hizo hutibika.

Pombe ni jambo jingine

Methadoni haitibu uraibu wa pombe, na vitu hivyo viwili havipaswi kukutana. Pombe, kama zilivyo dawa za usingizi za kundi la diazepamu, huongeza uwezo wa methadoni wa kudidimiza upumuaji. Mtu aliyelala usingizi mzito asiouitikia, anayepumua polepole au kwa kukoroma kusiko kwa kawaida, na mwenye mboni zilizosinyaa kama ncha ya sindano, alazwe ubavu na kufikishwa hospitali mara moja. Naloksoni huweza kumzindua, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko ya methadoni. Asiruhusiwe kuondoka kwa sababu tu amefumbua macho.

Familia ijue pia kwamba kuacha pombe ghafla hakufanani na kuacha heroini. Arosto ya heroini hutesa sana, lakini ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya. Kwa mtu anayekunywa pombe nyingi kila siku, kukatiza ghafla kwaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili, na kuchanganyikiwa kwa hatari kati ya siku ya pili na ya nne. Asifungiwe nyumbani ili “imtoke”. Anahitaji uangalizi wa kitabibu, diazepamu kwa kipimo, na vitamini B1 kabla ya kuwekewa dripu ya glukosi. Ili kuwatambua mapema wenye tatizo la pombe, vituo vya afya vinaweza kutumia dodoso la maswali 10 la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita ambamo lilifanyiwa utafiti wa awali.

Lini basi ataacha?

Hakuna tarehe moja kwa wote. Wako wanaofaulu kupunguza dozi polepole, kwa miezi mingi, baada ya maisha yao kutulia: wana makazi, shughuli, na watu waliowakubali tena. Wako watakaoihitaji kwa miaka mingi, kama mgonjwa wa shinikizo la damu anavyohitaji vidonge vyake. Uamuzi huo ni wa mgonjwa akishauriana na kliniki yake, na mlango wa kurudi ubaki wazi endapo hamu itarejea.

Familia ina nafasi yake katika tiba hiyo. Inaweza kumpa nauli ya kufika kliniki, kumruhusu atoke mapema kabla ya shughuli za nyumbani, na kumkumbusha kumweleza kila daktari kwamba anatumia methadoni. Na badala ya kumuuliza ataacha lini, imuulize jambo ambalo leo ndilo lenye uzito zaidi: kama amekunywa dozi yake.