Safari ya Kuvitazama Vyuo Vikuu

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi ni mwalimu wa madrasa, na elimu yangu ni ya Kurani na ya shule ya msingi, basi. Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa watu alifu na be, wakakua, wakaenda vyuo vikuu, nami sikupata kukanyaga hata kimoja. Kwa hivyo ilipofika zamu ya nyumba yangu, nilijikuta sina la kushauri.

Marehemu ndugu yangu aliacha binti mmoja, na Mwenyezi Mungu amejaalia nimlee mimi. Aliacha pia kiwanja, nacho kiliuzwa, na fedha zake zikawekwa kwa ajili ya masomo ya binti huyu. Hakuna asiyejua jinsi Kurani inavyotuhadharisha juu ya mali ya yatima. Basi kila nilipozifikiria fedha zile, usingizi ulinipaa.

Mwezi wa Julai uliopita matokeo ya kidato cha sita yalitoka, naye alifaulu vizuri fizikia, kemia na baiolojia. Hapo maneno yakaanza. Jirani huyu alikisifu chuo hiki, yule akakitukana, na wote wawili hawajakiona. Mimi nilikuwa nimekwisha kata shauri: asome ualimu papa hapa Dar es Salaam, alale nyumbani, fedha zibaki. Yeye alitaka utabibu wa wanyama, huko Morogoro. Nikamwambia, “Mwanangu, mtoto wa kike na ng’ombe, wapi na wapi?” Akanijibu kwa adabu, “Ami, chuo chenyewe hujakiona, wala mimi sijakiona. Twende tukakitazame, kisha utakalosema nitalifuata.”

Neno hilo lilinishinda. Shemeji yangu alikubali kutuchukua kwa gari lake kwa siku nne, nasi tukachanga mafuta, na mke wangu akafuatana nasi. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda Morogoro na Dodoma, lakini haifiki Iringa, nasi tulitaka kuvitazama vyuo vya kote huko kwa mzunguko mmoja.

Tulianza na cha karibu, yaani Mlimani. Chuo hiki kilianza mwaka 1961 kwa somo la sheria peke yake, wanafunzi hawakufika 15, ndani ya jengo la chama cha TANU katika mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia juu ya kilima, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Tulitembea chini ya miti mpaka miguu ikauma. Binti alitazama kila kitu, lakini hakuuliza neno.

Siku ya pili yake, baada ya sala ya Alfajiri, tukashika barabara ya Morogoro. Tulipokaribia mji, milima ya Uluguru ikasimama mbele yetu, ukungu umeifunika vichwa. Watu wengi wa Dar es Salaam hawajui kwamba maji wanayokunywa hutoka Mto Ruvu, na mto huo chemchemi zake zimo katika milima ile.

Chini ya milima hiyo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kilianza mwaka 1965 kikiwa chuo cha kilimo tu, kikawa chuo kikuu mwaka 1984, na masomo ya utabibu wa wanyama huchukua miaka mitano. Tulionyeshwa hospitali ya wanyama. Hapo nilimwona binti wa Kiislamu, kajifunga mtandio wake vizuri, kavaa koti refu na viatu vya mpira, anampima mbuzi huku mwenye mbuzi akimtazama kama mtu atazamavyo daktari. Mtoto wetu, ambaye Mlimani alikuwa bubu, alimwuliza maswali mpaka nikaona haya. Nusu ya maneno yao sikuyafahamu. Lakini niliufahamu uso wa mtoto.

Hata hivyo sikusema kitu. Alasiri tukaenda Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha shirika la umeme. Moyo wangu ulifurahi sana, na kama angetaka ualimu au sheria ningemwacha hapo hapo. Lakini utabibu wa wanyama hakuutaja mtu huko, na chuo ni somo kwanza, jengo baadaye.

Siku ya tatu tulipita katikati ya mbuga ya Mikumi. Barabara hukata mbuga kwa kilomita 50 hivi, na vibao huamuru mwendo wa pole, kwa kuwa magari yamewaua wanyama wengi. Tuliona twiga, pundamilia na swala. Kisha tukafika Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu mikubwa na mafungu ya vitunguu kando ya njia, na baada yake mlima wa Kitonga. Hapo malori hupanda kama vinyonga, upande huu jabali, upande huu bonde. Mke wangu hakuacha kumtaja Mola mpaka tulipofika juu.

Iringa tulilala kwa baridi, na asubuhi tukakitazama Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichokuwa shule ya sekondari mpaka kilipoingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005. Hicho ni chuo cha walimu, nami moyoni nikasema, labda hapa atageuka. Hakugeuka.

Katika chuo kimoja tulichopitia safarini, ambacho sikitaji, niliuliza gharama, na karani akanijibu kwa Kiingereza kitupu huku akitazama simu yake. Nilitoka nimeinamisha kichwa. Binti akanishika mkono, akasema, “Ami, turudi ukaulize tena.” Tukarudi, nikauliza tena kwa Kiswahili, polepole, na safari hii nikajibiwa. Enyi wazazi msiosoma sana, msione haya. Aonaye haya ya kuuliza huwalipisha watoto wake ujinga wake.

Kutoka Iringa kwenda Dodoma njia hupita juu ya bwawa la Mtera, ambako wavuvi huuza samaki kando ya barabara. Mbele kidogo kundi la ng’ombe lilitusimamisha likivuka njia, mbavu zahesabika. Binti akawatazama, kisha akasema taratibu, “Ami, unakumbuka ng’ombe wa baba? Walikufa watatu kwa wiki moja kwa ndigana kali, na hapakuwa na mtu wa kumwita. Baba alikaa zizini usiku kucha.”

Nilikuwa nimesahau. Ndugu yangu yule, na zizi lile, nami mwenyewe nilikwenda kumpa pole! Kumbe mtoto alikuwa amelibeba jambo hilo tangu utoto, nami nikidhani ni matamanio ya ujana.

Siku ya nne tulikizunguka Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, na ambacho kimelirithi jengo la Chimwaga lililokuwa la mikutano ya chama. Ni kikubwa mno, vitivo vyake vimetapakaa juu ya vilima, na anayesoma huko na aulize kwanza umbali wa bweni na darasa. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha amua. Tulipokuwa tukirudi tukapita Dakawa, mahali alipofia Waziri Mkuu Edward Sokoine kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Nikamwambia binti, “Aliyepewa chuo jina lake alifia hapa. Nenda ukakisome.” Mke wangu akalia, na shemeji akasimamisha gari tukamwombea marehemu ndugu yangu.

Sasa amekwisha pata nafasi, na fedha za kiwanja ndizo zitakazomwanzisha.

Wazazi wenzangu, sina maana kwamba kila mtu apande gari siku nne. Lakini chuo mnachotaka kumpeleka mtoto, kwendeni japo hicho kimoja, naye mwenyewe awepo. Tazameni analala wapi, maji yapo, pa kusalia papo. Ulizeni gharama yote, si ada peke yake, na mhakikishe kwamba chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Semeni na wanafunzi, msiseme na wakubwa tu. Na zaidi ya yote, njiani mwacheni mtoto aseme. Mimi nilikwenda kukagua majengo, nikarudi nimemjua mtoto niliyemlea.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitimiza amana zetu. Amin.