Dora, Freud na Harufu ya Moshi

Oktoba 1900, jijini Vienna, baba mmoja alimpeleka binti yake wa miaka 17 kwa Sigmund Freud. Kikohozi kilikuwa hakimwishi, sauti ilimkauka mara kwa mara, na alilalamika kwamba rafiki wa familia, Bwana K., alimtongoza. Freud akampa jina la Dora. Siku moja Dora alisimulia ndoto ya nyumba inayoungua, kisha akaongeza kwamba kila alipoamka alisikia harufu ya moshi. Baba yake alikuwa mvutaji. Bwana K. mvutaji. Na Freud mwenyewe, sigara ilikuwa haimtoki mdomoni.

Tarehe 31 Desemba Dora aliaga, basi. Kisa kilipochapishwa mwaka 1905, Freud alikiri kuwa hakuung'amua uhamisho mapema: hasira na kisasi alivyomwekea Bwana K. vilikwishamhamia daktari. Mimi naona binti alikuwa na sababu nyingine nzuri ya kuondoka, maana daktari alikazana kumshawishi kwamba alimpenda mtu aliyemsumbua.

Dhana ya uhamisho ilikwishatajwa mwaka 1895, katika kitabu alichoandika Freud pamoja na Josef Breuer, lakini kama kikwazo cha tiba. Baadaye ikawa nyenzo. Yale asiyoweza kuyakumbuka, mgonjwa huyarudia mbele ya daktari: hununa, huchelewa, hutaka asifiwe kama mtoto.

Wanaisimu walipita njia kama hiyo bila kumfuata Freud. Mwaka 1957 Robert Lado alieleza kwamba mwanafunzi huhamishia lugha mpya sauti na sarufi ya lugha yake ya kwanza. Kikuyu hakina "l", kwa hiyo "kulala" ya Kiswahili huwa "kurara". Lakini Mkikuyu huyohuyo ngeli hazimtishi, kwa kuwa anazo kwao. Mwenzake anayetoka kwenye Dholuo ndiye atakayetoka jasho. Uhamisho husaidia kama unavyokwamisha. Mwaka 1967 Pit Corder akawaambia walimu kwamba kosa ni ushahidi: linaonyesha mwanafunzi amejijengea kanuni zipi.

Ila "r" ya Mkikuyu haimlengi mtu. Hasira ya mgonjwa humlenga daktari, naye daktari ana yake ya utotoni. Freud alilizungumzia hilo mwaka 1910, na ndiyo maana anayesomea uchanganuzi wa nafsi hutakiwa kwanza kulala yeye mwenyewe kwenye kochi la mgonjwa.