Sarafu ya tembo ya Tabora: bei hupangwaje katika mnada wa mtandaoni?

Miongoni mwa vitu vya Afrika Mashariki vinavyogombewa na wakusanyaji katika minada ya mtandaoni ni sarafu ndogo ya dhahabu yenye thamani ya rupia 15, iliyotengenezwa Tabora, Tanzania ya leo, mwaka 1916. Upande mmoja ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Upande wa pili tai wa dola la Ujerumani. Manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba njia za bahari na fedha kutoka Berlin hazikufika tena. Zilitengenezwa zipatazo 16,000 tu, na mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Kibelgiji kutoka Kongo yakauteka mji.

Koloni hilo lilijumuisha pia Rwanda na Burundi. Kwa hiyo rupia na heller za enzi hizo zaweza kukutwa katika masanduku ya wazee pande zote za mpaka. Anayekuwa nazo, au anayetamani kuzinunua, hana budi kufahamu jinsi bei inavyopatikana.

Dau la siri

Katika mnada wa sokoni, dalali hunadi na wanunuzi hupandishiana bei mbele ya macho ya wote. Mtandaoni, mnunuzi huiambia mitambo kiwango cha juu kabisa ambacho yuko tayari kulipa, na kiwango hicho hubaki siri. Mitambo humpandishia dau kwa niaba yake, hatua kwa hatua, pale tu anapojitokeza mshindani.

Tuchukue mfano. Mnunuzi wa kwanza ameweka euro 900, wa pili 750, na kila hatua ni euro 25. Wa kwanza atashinda kwa euro 775, wala si 900. Yaani mshindi hulipa hatua moja tu juu ya dau la aliyemfuata. Viwango vikilingana, kwa kawaida hushinda aliyetangulia.

Utaratibu huu ni wa kale kuliko intaneti. Wauzaji wa stempu nchini Marekani walikuwa wakiutumia kwa njia ya barua tangu mwaka 1893. Mwanauchumi William Vickrey aliufafanua kitaalamu mwaka 1961, na mwaka 1996 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Hoja yake ilikuwa kwamba mnunuzi hana sababu ya kuficha thamani anayokipa kitu, kwa kuwa dau lake huamua kama atashinda, bali bei huamuliwa na dau la mwenzake.

Sekunde za mwisho

Hata hivyo, wengi husubiri hadi sekunde za mwisho. Katika tovuti kama eBay, iliyoanzishwa mwaka 1995, mnada hufungwa kwa saa iliyotangazwa. Anayechelewa kutoa dau huwanyima wenzake nafasi ya kujibu. Nyumba nyingine za mnada huongeza dakika kadhaa kila dau jipya linapoingia, na hapo hila hiyo hupoteza makali yake.

Gharama zilizojificha

Bei ya nyundo si bei ya mwisho. Nyumba nyingi za mnada humtoza mnunuzi ada ya ziada. Ikiwa ada hiyo ni asilimia 25, euro 775 za mfano wetu huwa karibu 969, kabla ya usafirishaji na ushuru wa forodha. Mwenye euro 900 mfukoni, basi, asivuke dau la 720.

Muuzaji naye aweza kuweka bei ya chini ya siri. Isipofikiwa, kitu hakiuzwi. Lakini muuzaji anayewatuma marafiki wapandishe dau la uongo anafanya udanganyifu, unaokatazwa na sheria katika nchi nyingi. Jihadhari pia na sarafu bandia. Picha nzuri haitoshi. Uliza uzito, kipenyo na cheti cha mtaalamu.

Kabla ya kuuza

Aliye na sarafu ya kale asikubali bei ya mpita njia wa kwanza. Atazame bei ambazo sarafu za aina hiyo zimeuzwa kweli, si zile ambazo wauzaji wanaomba. Asiisugue wala kuing'arisha, kwani kuisafisha hupunguza thamani yake machoni pa wakusanyaji.

Mwisho, si kila kitu cha kale ni bidhaa. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Sarafu ya Tabora ni changa kuliko hapo. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa sivyo. Anayezichimbua na kuzinadi mtandaoni huuza pamoja nazo ushahidi wa historia, na huo hakuna dau linaloweza kuurudisha.