Kenya Iliyoko Angani

Watoto wa darasa letu wameuliza kama kweli kuna jiwe angani linaloitwa Kenya. Lipo. Tena liligunduliwa hukuhuku Afrika Kusini, mjini Johannesburg, tarehe 15 Juni 1933. Aliyeligundua ni Cyril Jackson wa kituo cha Union cha kutazama nyota. Siku hiyohiyo akapata na la pili, likaitwa Uganda. Wakati huo Kenya ilikuwa koloni, na sidhani kama kuna Mkenya aliyeulizwa. Jina limebaki: 1278 Kenya.

Jiwe hili ni asteroidi, yaani sayari ndogo. Upana wake ni kama kilomita 20, karibu sawa na kutoka hapa Pinetown hadi ufukweni Durban. Linalizunguka Jua kati ya njia ya Mirihi na ya Mshtarii, na mzunguko mmoja huchukua kama miaka mitatu na miezi tisa. Mtoto angezaliwa huko, angekata keki yake ya kwanza akiwa karibu kwenda chekechea!

Lakini kinachonishangaza zaidi ni siku yake. Dunia yetu hujizungusha kwa saa 24. Kenya hii huchukua karibu saa 188, yaani siku zetu 8 kasoro kidogo. Asteroidi nyingi za ukubwa huo humaliza kabla ya saa 24.

Wamejuaje, na kwenye darubini ni nukta tu? Sisi wauguzi hatuuoni moyo wa mgonjwa. Tunashika mkono na kuhesabu mapigo. Wao huhesabu mwanga. Jaribuni nyumbani: chukueni kiazi kirefu, zimeni taa (umeme ukikatika ndiyo vizuri zaidi), mtoto ashike tochi karibu na jicho lake akimulike. Mzazi akizungushe kiazi polepole. Ubavu ukielekea kwa mtoto, mwanga unaorudi ni mwingi. Ncha ikielekea kwake, unapungua. Kwa mzunguko mmoja mwanga huongezeka mara mbili na kupungua mara mbili.

Kwa jiwe la haraka, usiku mmoja au miwili hutosha kuona yote hayo. Kwa Kenya, usiku mzima mwanga hubadilika kidogo sana, kama chati ya homa yenye kipimo kimoja. Inabidi kurudi kwenye darubini usiku baada ya usiku, kwa wiki kadhaa, kisha kuunganisha vipande.