Je, Wajua? Simu Inayosoma kwa Sauti Mkononi mwa Asiyeona

Ndani ya daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo, kijana mwenye fimbo nyeupe mapajani anatelezesha kidole juu ya simu yenye kioo cheusi tii. Mama aliyeketi pembeni anamgusa bega. "Mwanangu, simu yako imezima." Kijana anatabasamu. "Haijazima, mama. Nasoma meseji." Haya hapa ni mambo ambayo sote tuliomo safarini na kijana huyu tunapaswa kuyajua.

Je, wajua kioo kile kimetiwa giza kwa makusudi? Asiyeona hana haja ya mwanga wa skrini. Kwenye iPhone, kisomaji cha skrini (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo) kiitwacho VoiceOver kikiwa kimewashwa, mtu hugonga mara tatu kwa vidole vitatu na kioo kinakuwa cheusi, huku simu ikiendelea na kazi. Simu za Android nazo zina njia ya kuificha skrini. Faida yake ni kwamba jirani wa kwenye kiti hawezi kuchungulia meseji za mwenzake.

Je, wajua sauti ya kisomaji hicho hainunuliwi? Mwaka 2009 VoiceOver iliingia kwenye iPhone 3GS, na mwaka huohuo kisomaji cha Google, TalkBack, kikaingia kwenye Android. Kabla ya hapo, asiyeona alinunua simu kwanza, kisha akatafuta pesa nyingine ya kununua programu ya kuisomesha. Miongoni mwa wahandisi walioanzisha kazi hiyo ndani ya Google ni T. V. Raman, ambaye mwenyewe haoni tangu akiwa kijana mdogo.

Je, wajua kugusa si kufungua? Kisomaji kikiwashwa, ukigusa kitu mara moja simu inakitaja tu. Kukifungua ni kugonga mara mbili. Ukitelezesha kidole kulia unakwenda kwenye kitu kinachofuata, na ukitelezesha kushoto unarudi nyuma. Ndiyo maana anayemnyang'anya asiyeona simu ili "amsaidie haraka" hukwama palepale. Mwenye simu anaijua simu yake, muulize kwanza.

Je, wajua ile sauti inayokimbia kama cherehani inaeleweka vizuri kabisa? Wazoefu wengi huiongeza kasi hadi mara mbili ya mazungumzo ya kawaida, na wengine zaidi ya hapo. Sikio hujifunza hatua kwa hatua, kama jicho la msomaji mzoefu linavyoacha kuhesabu herufi moja moja. Wewe unasikia mvumo, yeye amekwisha kusoma gazeti.

Je, wajua Kiswahili ni rafiki mkubwa wa simu inayosoma? Irabu zetu ni tano, na neno hutamkwa lilivyoandikwa. Shida huanza pale simu iliyowekwa sauti ya Kiingereza inapokutana na meseji ya Kiswahili. "Pole" inakuwa "poul", "wake" inakuwa "weik", "mate" inakuwa "meit". Rambirambi za mtu aliyefiwa zinageuka fumbo. Dawa ipo: Google wana sauti ya Kiswahili, na programu huria ya eSpeak inasoma Kiswahili pia. Ukikutana na asiyeona ambaye simu yake bado inamsomea Kiswahili kwa Kiingereza, kumwonesha jambo hilo moja ni zawadi kubwa.

Je, wajua kuziba masikio yote mawili barabarani ni hatari kwake? Kwa asiyeona, sikio ndilo linalotambua bodaboda inayokuja, konda anayetaja kituo, na mtaro ambao maji yake yanasikika kabla ya kufikiwa na fimbo. Kwa hiyo wengi huweka spika kwenye sikio moja tu, au hushikilia simu karibu na sikio kwa sauti ya chini. Zipo pia spika zinazopitisha mtetemo kwenye mfupa wa shavu na kuliacha tundu la sikio wazi.

Je, wajua namba ya siri inaweza kusikika na foleni nzima? Kidole kinapotambaa juu ya tarakimu, simu inaweza kuzitaja kwa sauti isipowekwa vizuri. Ndiyo sababu mwenye kisomaji hutafuta spika za masikioni kwanza kabla ya kutoa pesa, au hutumia alama ya kidole. Ukimwona anahangaika kuzichomeka, mpishe nafasi na usimharakishe. Analinda pesa yake kama wewe unavyokinga namba yako kwa kiganja.

Je, wajua mtu anaweza kuandika kwenye kioo kwa nukta nundu? Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, aliujenga mfumo wake wa nukta sita akiwa bado kijana, akianzia kwenye maandishi ambayo Charles Barbier aliyabuni ili yasomwe kwa kupapasa. Leo nukta hizo ziko ndani ya simu: VoiceOver ilizipokea mwaka 2014, TalkBack mwaka 2020. Simu hugeuzwa kioo kikielekea mbele, na vidole sita hukibonyeza kwa upande huo wa mbele. Herufi "m" ni nukta 1, 3 na 4. Herufi "a" ni nukta 1 peke yake. Neno "mama" ni mibonyezo minne tu, bila kuitafuta hata herufi moja kwenye kibodi.

Je, wajua fimbo nyeupe na simu havipingani? Wapo wanaomwona mtu mwenye fimbo akiinamia simu, wakasema anaigiza. Wengi wenye fimbo wana uoni hafifu: huona mwanga, rangi au umbo, lakini hawaoni shimo lililo mbele yao. Mwingine husoma herufi kubwa asubuhi, na jioni macho yakichoka huwasha sauti. Kumtuhumu mtu kama huyo mbele ya abiria ni kumvunjia heshima bure.

Je, wajua menyu ya nyota na reli humkimbia asiyeona? Ukibofya kupata huduma za pesa, orodha hutokea na hukaa kwa muda mfupi. Anayeona huitupia jicho mara moja. Anayesikiliza anasubiri isomwe mstari kwa mstari, kisha achague na kuandika, na wakati mwingine huduma hujifunga kabla hajamaliza. Akishindwa mara tatu, anampa wakala simu pamoja na namba ya siri. Hapo ndipo wizi unapopata mlango. Kuongeza sekunde chache kwenye menyu kungeufunga.

Je, wajua kuna programu zinazosema "kitufe, kitufe, kitufe"? Mbunifu asipokipa kitufe jina, kisomaji hakina cha kusema. Kwa macho kuna alama ya kikapu au ya kutuma. Kwa sikio kuna neno moja linalojirudia. Kukipa kitufe jina ni kazi ya mstari mmoja wa maandishi, na mstari huo ndio unaoamua kama mtu atanunua tiketi yake mwenyewe au ataomba kusaidiwa.

Je, wajua tangazo lililotumwa kama picha linaweza kuwa kimya? Kadi ya harusi, ratiba ya mazishi, wito wa kikao cha wazazi: siku hizi vyote hutumwa kwa picha kwenye kundi la WhatsApp. Baadhi ya simu hujaribu kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha, lakini si zote, na si kila mara kwa usahihi. Mwanakundi asiyeona anasikia "picha" basi, kisha anakosa mazishi ya jirani yake.

Je, wajua hili si suala la huruma? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Ibara yake ya 9 inazitaka nchi wanachama kuhakikisha kwamba habari na mawasiliano, ikiwamo teknolojia yake, vinafikiwa na watu wenye ulemavu sawa na wengine. Menyu inayokimbia na kitufe kisicho na jina vinagusa haki hiyo.

Je, wajua salamu yako inaweza kumpotezea asiyeona sentensi? Ukimkuta amesimama kando ya njia, kichwa kimeinama kidogo, anasoma. Msubiri kama unavyomsubiri mtu mwenye barua mkononi. Kisha sema jina lako, usimvute mkono, na umuulize anataka msaada gani. Huenda hataki wowote.

Tangu mwaka 2009 simu imefanya sehemu yake. Sehemu iliyobaki ni yetu. Leo jioni fungua mipangilio ya simu yako, tafuta sehemu ya ufikivu, washa kisomaji cha skrini, kisha ufumbe macho. Kumbuka: kugusa ni kusikia, kugonga mara mbili ni kufungua. Nenda kwenye lile tangazo la picha ulilotuma kundini jana, ulisikilize. Likiwa kimya, andika maneno yake chini ya picha, ulitume upya.