Mwezi wa Kampala hulala kama mtumbwi

Vitabu tulivyosomea ugenini vilichora mwezi mwandamo umesimama kama mundu uliotundikwa ukutani. Wanafunzi wangu hapa Kampala nao huuchora hivyohivyo. Wangetoka nje jioni wangeuona umelala chali, au umeinama kidogo tu, ncha zote mbili zikitazama juu kama mtumbwi wa Ziwa Viktoria.

Sababu ni ikweta, ambayo ukishika barabara ya Masaka unaivuka pale Kayabwe. Huku kwetu jua hutua karibu wima, na mwezi na sayari hufuata njia hiyohiyo. Ndiyo maana hata Utaridi, ambayo watazamaji wa Ulaya huitafuta kwa taabu katika mwanga wa machweo, hapa huonekana kwa urahisi zaidi inapokuwa mbali na jua.

Wenzangu wa Busia na Malaba watauliza: hayo yanatuhusu nini? Yanahusu Idi. Mbuzi, kuku na kanzu husubiri tangazo la Mufti upande huu na la Kadhi Mkuu upande wa Kenya. Matangazo yakipishana siku moja, mwenye mbuzi ndiye anayewalisha. Sasa, saa ya mwezi kuzaliwa hujulikana kwa hesabu miaka mingi kabla. Mwezi wenye umri chini ya saa 15 ni nadra sana kuonekana kwa macho matupu; ukipita saa 24, na anga likiwa safi, huku kwetu mara nyingi huonekana. Sisemi hesabu ichukue nafasi ya mashahidi, hilo ni la masheikh. Lakini anayejua umri wa mwezi jioni ya siku ya 29 hapakii lori kwa kubahatisha.

Taa za jiji hufuta nyota nyingi, ila mwezi na sayari kubwa haziziwezi. Darubini ya macho mawili, ya kukuza mara 10, ukiiegemeza ukutani itakuonyesha mashimo ya mwezi, hasa pale mwanga unapopakana na giza. Itakuonyesha pia miezi ya Mshtarii aliyoigundua Galileo mwaka 1610. Pete za Zohali zahitaji ya kukuza mara 30 hivi.

Jua ni jambo jingine. Tarehe 3 Novemba 2013, lilipofunikwa lote kule Pakwach kwa sekunde kama 20, watu walikuja na miwani maalumu. Kulitazama kwa darubini isiyo na kichujio hupofusha papo hapo.